Sahihi ya Mwalimu Kande

Mikindani, 9 Februari 2025

Mwanangu Warda,

Nyumba nzima ni wazima isipokuwa paa la jikoni, ambalo upepo wa juzi ulilifunua upande wa chooni. Mama yako anakusalimu. Mguu wake umepungua uvimbe, ila presha inapanda kila akisikia neno hospitali, kwa hiyo tunasema "kule". Kaka yako Shafii amepata kazi ya kufunga taa za jua Nanyamba na anarudi nyumbani Ijumaa. Mvua zilichelewa, halafu zikaja zote kwa pamoja.

Utajiuliza kwa nini nashika kalamu wakati juzi tu tumeongea. Simu ya nyumba hii huwekwa spika. Ukisema umepata mafua huko Sarajevo, majirani watatu wanakupa pole hapa. Nina jambo dogo ambalo sitaki lipite kwenye spika, hasa kwa sababu ya mama yako.

Kuna uhakiki wa vyeti vya walimu waliosoma nje. Ni wa kawaida, kila mtu anaupitia. Nilipeleka changu cha 1986 ofisini Mtwara. Unakijua, kilikuwa kwenye fremu sebuleni. Kwenye cheti kile jina langu limeandikwa kama wenyeji wa huko uliko walivyolisikia: C moja yenye kipembe juu, kisha ande. Kwao kipembe hicho ndicho kinachoifanya C isomeke ch. Kijana wa mezani alikiruka.

"Mzee, wewe ni Chande. Hapa pameandikwa Kande."

"Hiyo alama ya juu ndiyo ch yenyewe."

"Mimi naona wino umechafuka."

Mtu wa nyuma yangu kwenye foleni akauliza kama ni kande za nazi au za karanga. Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Kisha kijana akauliza nchi iliyotoa cheti. Nikasema Yugoslavia. Akaitafuta kwenye kompyuta, akasema haimo. Nikamwambia hata duniani haimo, ilivunjika. Akaandika pembeni ya faili langu: Nchi haipo.

Wanataka barua ya uthibitisho kutoka chuoni kwangu. Wewe uko mwendo wa saa tatu kwa basi kutoka Vrbograd. Chuo cha ualimu kiko karibu na daraja, jengo la manjano, mlango mkubwa unatazama mto. Ulizia masjala. Hakuna haraka.

Mjomba wako,
Chande


Sarajevo, 16 Machi 2025

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imefika ikiwa imechanika pembeni na kubandikwa gundi, lakini haijapungua neno. Niko salama. Funga ya huku ina baridi kuliko njaa. Jioni wanapiga mzinga kule ngomeni kutangaza futari, na mara ya kwanza niliposikia nilijificha chini ya meza, wenzangu wa bweni wakanicheka mpaka wakasahau kufuturu. Mwambie Mama mazoezi ya wodini yameanza na ninajua kutafuta mshipa bila kumchoma mtu mara mbili. Usimwambie kwamba ni "kule".

Lugha uliyonifundisha uani, ya kuhesabu na kusalimia na kuagiza mkate, inanisaidia. Walimu wangu wanasema ninaongea kama redio ya zamani. Mmoja aliniuliza ni nani aliyenifundisha maneno ya pande zote kwa mpigo. Nikasema mjomba wangu. Akauliza mjomba wangu ni wa upande gani. Nikamjibu wa Mikindani.

Nilipiga simu Vrbograd. Chuo hakipo, Mjomba. Kilifungwa wakati wa vita. Jengo lipo, sasa ni shule ya msingi, au tuseme ni mbili. Nilipoomba kuunganishwa na ofisi, mwanamke aliyepokea aliuliza, "Unataka ya juu au ya chini?" Sikujua nijibu nini. Nitakwenda mwenyewe mwezi wa tano nikimaliza wodini.

Umeandika hakuna haraka. Shafii alinipigia akiwa Nanyamba, bila spika. Anasema unatoka kila asubuhi na mkoba wa chuo unachofundisha, tai shingoni, na unarudi na udongo wa shamba la Ziwani kwenye viatu. Mjomba, unakwenda chuoni?

Wako,
Warda


Mikindani, 22 Aprili 2025

Mwanangu Warda,

Idi ilipita vizuri. Mama yako alipika pilau la watu ishirini na wakaja arobaini, kwa hiyo ilibidi mimi na Shafii tushibe kwa maneno. Paa la jikoni limerudi. Mguu wake hauvimbi tena ila anaendelea kuchechemea tunapomtazama.

Umeniuliza mengi, nami nitakujibu moja: mwalimu wako ana haki ya kushangaa. Sisi tulifundishwa lugha moja yenye jina refu, Kiserbokroeshia, na pande zote zilikuwa humo ndani. Tuliandika kwa hati mbili. Wiki hii insha ni kwa herufi za Kilatini, wiki ijayo ni kwa zile nyingine zinazofanana na za Warusi, na ole wako uchanganye. Wakati ule niliona ni usumbufu. Kwenye ukuta wa kila darasa kulikuwa na picha ya kiongozi aliyekwisha kufa, na hakuna aliyethubutu kuishusha. Tulikuwa na somo la ulinzi wa taifa. Mwalimu wake alikuwa mama mnene aliyetufundisha kufungua bunduki na kuifunga huku amefumba macho. Nilipata alama nzuri. Somo la nadharia ya siasa nilipata alama ya kuponea tu, kwa sababu niliuliza swali.

Chumbani tulilala sita. Sikumbuki nani alikuwa wa dini gani, na si kwamba nimesahau, sikuwahi kuuliza. Huenda wao walijua. Baadaye, vita vilipoanza na redio ikawa inataja vijiji, ndipo niliposikia majina yao upya na kugundua kila jina lilikuwa limesimama upande wake tangu mwanzo.

Hapa chuoni tumepokea watoto wawili waliovuka mto kutoka Msumbiji kupitia Kilambo. Kimakonde chao ni hiki hiki chetu, ila wamesoma kwa Kireno, kwa hiyo wamewekwa na wadogo. Mmoja anajua hisabati kuliko darasa zima na hajui jinsi ya kusema hivyo.

Ukipata barua ile kabla ya Septemba kwisha itakuwa vizuri kuliko baada yake.

Viatu vyangu vinapita Ziwani kwa sababu mikorosho inataka palizi.

Mjomba wako,
Chande


Sarajevo, 25 Mei 2025

Shikamoo Mjomba,

Nimepata salamu zako zote na nimeona ulichokiacha. Sitauliza tena kwa barua hii.

Juzi nilikwenda Vrbograd. Jengo bado la manjano. Juu ya mlango mkubwa alama zimepandana kama rangi kwenye ukuta uliopakwa mara nyingi. Kuna tai wa mfalme wa Vienna, aliyelijenga. Vichwa vyake vyote viwili vimevunjwa. Kuna matundu ya misumari ya ngao ya ufalme uliofuata. Kuna nyota ya enzi zako, wameibandua lakini kivuli chake kimebaki cheupe. Mlango huo haufunguliwi tena. Kila shule imetoboa wa kwake: wa chini unatazama mto, wa juu unapandwa kwa ngazi ya chuma upande wa barabara.

Watoto ni wa mji mmoja na wananunua biskuti duka moja. Wa chini wanafundishwa kwamba lugha yao ni Kibosnia, wa juu kwamba ni Kikroeshia, na kila upande una kitabu chake cha historia. Kengele ni mbili ili wasikutane uani. Nilikuwepo wakati wa mapumziko. Ya chini ililia, watoto wakatoka wakacheza mpira, wakaitwa ndani. Ndipo ya juu ikalia. Waliotoka waliukuta mpira ule ule pale ulipoachwa, wakaendelea nao.

Masanduku ya chuo chako yaligawanywa kama mirathi ya ndugu waliogombana. Ofisi ya chini ilipata daftari la majina. Ya juu ilipata alama za mitihani, ambazo ziliandikwa kwa namba za wanafunzi bila majina. Kwa hiyo chini wanajua uliingia ila hawajui kama ulimaliza, na juu wanajua kuna mtu alimaliza ila hawajui ni nani.

Katibu wa chini anaitwa Mensura. Kidole chake kilipofika kwenye jina lako aliweka miwani mezani. "Čande wa makoti mawili!" Alikuwa nyuma yako mwaka mmoja. Anasema ulivaa koti juu ya koti mpaka mwezi wa tano na ulikuwa unawaambia wasichana kwamba kwenu mavazi ya heshima ndivyo yalivyo. Ni kweli?

Aliniambia pia habari ya mama yake. Alisoma madrasa, akajua kuandika lugha ya kwao kwa herufi za Kiarabu, barua kabisa, hata za kumvunjia mtu uchumba. Enzi ya nyota ilipoingia ikaja kampeni ya kufuta ujinga. Wakamwandika hajui kusoma na kumkalisha darasani na vitoto.

Katibu wa juu ni Ružica. Hana makuu, ila anafuata utaratibu. Kila ofisi ina fomu yake, na mwombaji lazima atie sahihi mwenyewe kwa kalamu. Kipo kifungu kinachosema: "Ninathibitisha kuwa nilisoma kwa lugha ya..." Fomu ya chini tayari imechapwa Kibosnia. Ya juu imechapwa Kikroeshia. Unachagua moja, si mbili, la sivyo barua zitapingana na huko Mtwara watauliza ni ipi ya kweli. Nimeambatanisha fomu zote. Chagua, tia sahihi, rudisha. Nimeiona hiyo Septemba uliyoificha mwishoni.

Wako,
Warda


Mikindani, 30 Juni 2025

Mwanangu Warda,

Mama yako hajambo, na kuanzia wiki hii anajua kila kitu, kwa hiyo na wewe ujue.

Sijaingia chuoni tangu Januari. Siku ile ya Kande nilipewa barua ya kukaa nyumbani mpaka cheti kithibitishwe, mwisho tarehe thelathini Septemba. Sikuwaambia. Niliendelea kutoka asubuhi nimevaa, napanda gari la Ziwani, nafanya kazi shambani na kurudi jioni. Jumanne iliyopita mama yako alinifuata. Alikuja na bakuli la mihogo kwenye kitambaa akitaka tule wote, akidhani nimepita shambani mara moja. Alinikuta nachanganya salfa na shati la chuo mwilini, tai nimeitundika kwenye tawi.

"Kaka," akasema, "huu mkorosho nao una cheti?"

"Chake hakijahakikiwa."

Alicheka. Halafu akakaa chini, tukala mpaka bakuli likaisha. Njiani aliniuliza jambo moja tu: kama wanafunzi wanajua. Wanajua. Kichochoro chote kinajua. Sokoni nasalimiwa "Shikamoo Mwalimu Kande" na watoto ambao hawana nia mbaya, wanadhani ndilo jina.

Nafasi yangu anaishika kijana anaitwa Innocent. Ni mwalimu mzuri. Jumamosi huja kuniuliza habari za ratiba, anakaa mwisho wa benchi kama mtu aliyekuja kuhani. Siwezi kujiuzulu, maana anayejiuzulu wakati wa uhakiki anaandikwa kuwa cheti chake ni feki. Siwezi kufundisha kwingine, kwa sababu leseni yangu iko kwenye faili lile lile. Na siwezi kusubiri bila mwisho.

Sasa fomu zako. Nimeirudisha ya chini. Neno Kibosnia nimelikata kwa mstari mmoja na kuandika juu yake jina la lugha kama lilivyo kwenye cheti changu, lote na urefu wake. Nimetia sahihi kama ninavyotia siku zote, C na H, kama baba yangu alivyoniandikisha. Kibosnia na Kikroeshia ni lugha za watu na ninaziheshimu, lakini mwaka 1983 hakuna aliyenifundisha kwa majina hayo. Ninatuhumiwa kuwa na karatasi ya uongo. Dawa ninayopewa ni kutia sahihi karatasi ya uongo. Kwetu jina unaloandika chini ya karatasi linaitwa sahihi, na kitu kisicho na kosa kinaitwa sahihi. Sijui nani aliyaweka hayo mawili kwenye neno moja, lakini nimewafundisha watoto wa watu hivyo kwa miaka karibu arobaini.

Nimemwelewa mama yake Mensura. Bibi yako Somoe aliandikia barua nusu ya mtaa huu kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili kilichonyooka. Ulipofika mwaka wa kisomo cha watu wazima alikuja mtu na daftari, akamwuliza kama anajua kusoma, akaandika hajui. Akaimba a e i o u mwaka mzima na wamama wenzake. Nilimwuliza kwa nini hakusema. Akaniambia, "Aliniuliza kama najua za kwake."

Makoti mawili ni kweli. Wasichana nilikuwa nawaambia hivyo, na waliamini kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Mjomba wako,
Chande


Sarajevo, 10 Agosti 2025

Shikamoo Mjomba,

Mwambie Mama nimepata kanga alizotuma na Husna, yule binti wa Mtwara anayesoma famasia huku. Nyekundu nimeitandika kitandani, hata baridi ikija nitajua niko kwetu. Nimefaulu mitihani yote ya mwaka wa tatu. Umebaki mmoja.

Nilipeleka fomu yako Vrbograd. Mensura alisoma ulichoandika, akampigia Ružica, na Ružica akashuka kwa ngazi yake ya chuma, akazunguka jengo, akaingia kwa mlango wa mto. Mensura anasema hajawahi kumwona akipita mlango ule tangu ulipotobolewa. Wote wawili waliinamia neno lako. Ružica akasema, "Lugha hii haimo kwenye mfumo."

"Nilisoma kwa lugha hii," Mensura akamwambia. "Na wewe pia, tulikaa dawati moja."

"Najua. Nasema tu haimo."

Fomu iliyokatwa haipokelewi. Hata sahihi yako walikuwa na neno: daftarini ni Čande mwenye kipembe, kwenye fomu ni Chande wa herufi mbili, nao mfumo unataka vilingane. Nilicheka, Mjomba. Nilicheka vibaya mpaka Mensura akaniletea maji.

Tulikwenda kukaa kwenye duka la keki, kwa sababu shuleni hawaruhusiwi kunywa pamoja, au hakuna aliyewahi kuwaruhusu. Kahawa huku ina majina matatu, na kila watu wana lao. Ukilitamka, aliyekuhudumia anajua akuhesabu wapi. Mimi mwenyewe sikufikiri. Nilisema kahva, ulimi ukanipeleka kwenye kahawa yetu. Ružica akaweka kijiko chini. "Basi," akasema, "msichana ameamua. Iwe ya chini."

Pale pale akatoa kikaratasi mkobani na kumsomea Mensura alama za namba yako kwa sauti ya chini kama watu wanaosengenya. Hisabati tisa. Michoro ya ufundi kumi. Nadharia ya siasa sita. "Sita!" Mensura akasema. "Alimwuliza yule mzee kwa nini wafanyakazi wanaomiliki kiwanda wanaomba ruhusa ya kwenda msalani." Wakacheka mpaka mhudumu akaja kutazama.

Fomu imepokelewa. Barua ya uthibitisho itatoka na nitaituma kwa kampuni ya vifurushi ili iwahi. Naitwa wodini, naishia hapa.

Wako,
Warda


Mikindani, 7 Septemba 2025

Mwanangu Warda,

Sisi wazima. Hongera kwa mitihani, mama yako amewatangazia mpaka wauza dagaa.

Barua yako inasema kwenye ukurasa wa kwanza kwamba fomu yangu haikupokelewa. Kwenye ukurasa wa pili inasema fomu imepokelewa. Kati ya kurasa hizo mbili kuna duka la keki. Nimeisoma kama ninavyosoma mtihani wa mwanafunzi mwenye jibu lisilo na njia.

Fomu ipi, Warda?

Mjomba wako,
Chande


Sarajevo, 21 Septemba 2025

Shikamoo Mjomba,

Naandika kwa haraka, barua yako imefika leo kwa bahati, alikuja nayo mtu wa ubalozi anayemfahamu Husna. Huku majani yameanza kubadilika rangi. Bwenini joto bado hawajawasha. Kaka Shafii ameniambia korosho za kwanza zimeanza kuanguka Ziwani na kwamba mwaka huu ni nzuri. Mwambie Mama asibebe magunia. Mguu ule bado haujapona, hata kama anasema umepona, na hata kama anachechemea tu mkimtazama.

Barua ya uthibitisho niliituma siku nne zilizopita. Itawahi.

Mjomba, ulinifundisha kwamba salamu hujibiwa kabla ya swali. Salamu nimejibu.

Wako,
Warda


Mikindani, 5 Oktoba 2025

Mwanangu Warda,

Mama yako mzima kuliko mtu yeyote mtaani. Shafii mzima. Korosho ni nzuri kweli.

Kifurushi kilifika tarehe ishirini na tano nikiwa shambani tangu alfajiri. Mama yako alikipokea, akakifungua, akaona mihuri. Hakunisubiri. Alivaa, akamchukua Shafii, wakaenda Mtwara mjini na kukiweka mezani kwa kijana yule yule. Shafii anasema alimwambia, "Mwanangu, ile nchi uliyosema haipo imekuandikia." Kijana alitazama muhuri, akageuza karatasi, akapiga muhuri wake. Hakusoma mstari wa lugha. Ningekuwa mimi ningeusoma kwanza.

Niliporudi jioni uani kulikuwa na mkeka, na watu, na Innocent akiwa katikati ya benchi safari hii. Walipiga vigelegele. Mama yako alinikabidhi nakala kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga. Nilishukuru. Nilikwenda kuisoma chumbani.

Wale wanawake ni waaminifu kwa utaratibu. Wameambatanisha na fomu ya maombi, kama inavyotakiwa. Haina mstari wa kukata. Kibosnia kimebaki Kibosnia. Chini yake pana jina langu, kwa mkono unaofanana na wangu sana, mkia wa e umeshuka kama ninavyoushusha. Uliutazama vizuri kwenye ile fomu yangu. Ila umeandika C moja, na juu yake umeweka kipembe.

Sikuamka kwenda kuwaambia. Nimekaa na jambo hili siku kumi sasa na nimelipitia kama mwizi anavyoipitia nyumba, nikijaribu kila mlango. Nikisema ile si sahihi yangu, wewe ni mghushi ukiwa umebakiza mwaka mmoja. Mensura na Ružica watahojiwa kwa alama walizosomeana dukani. Na cheti changu cha 1986, ambacho hakina kosa hata moja, kitaandikwa feki na hakuna karatasi nyingine duniani ya kukitetea. Nikinyamaza, ninarudi darasani kwa hati ambayo ningemfukuza mwanafunzi kwa ajili yake. Mama yako ananiuliza kwa nini sili.

Chuoni nimeshaanza. Niliingia Jumatatu, darasa likasimama. Wa nyuma wakasema "Shikamoo Mwalimu Kande", wenzao wakawakanyaga miguu. Niliitikia marahaba. Yule mtoto wa ng'ambo ya mto sasa anajua kusema kwamba anajua. Nimempandisha darasa.

Limebaki moja. Leseni mpya inatolewa Jumatatu ya tarehe kumi na saba Novemba, na kila mwalimu atatia sahihi mbele ya maofisa, walinganishe na iliyo kwenye faili la uhakiki. Iliyo kwenye faili ni yako. Nimekuwa nikijifunza mezani kila wanapolala. Mkia wa e hauna taabu, tulikuwa nao wote. Kipembe ndicho kinachonishinda. Changu kinatoka kama tiki ya kusahihishia.

Niandikie kwa posta, usipige simu. Kalamu uliianzia kushoto ukashuka ndipo ukapanda, au ulikichora kwa mikato miwili? Uniandikie kikubwa, ukurasa mzima, mara nyingi, nipate kukifuatisha. Mimi nimefika hapa tu:

Mjomba wako,
Čande